Bango la homa ya Bonde la Ufa: maswali ya wachoraji

Bango lianze na nini: mbu, mnyama au mtu?

Lianze na mvua. Kirusi cha homa hii ya mifugo na watu, kilichotambuliwa mwaka 1931 kwa kondoo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, hujificha ndani ya mayai ya mbu aina ya Aedes yaliyotagwa kwenye udongo wa mabondeni, na huweza kukaa humo miaka. Mvua ikizidi, kama ya El Nino ya 1997, mabonde hufurika, mayai huanguliwa, mbu huuma mifugo. Chora bonde lile lile mara mbili, kavu na lililojaa maji. Mfugaji hahitaji maandishi kulitambua.

Mbu achorwe mkubwa ili aonekane?

Hapana. Akijaza nusu ya bango, mtu atasema mbu wa kwao si wa namna hiyo, aende zake. Tena wengi huambukizwa kwa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, wakichinja, wakichuna au wakizalisha. Picha kubwa iwe ya mikono basi: mkono mtupu wenye mchubuko, umeshika kondo la nyuma la kondoo aliyetupa mimba, pembeni, mkono uleule ndani ya glavu ndefu.

Kirusi chenyewe je?

Nukta nyekundu, ileile kwenye yai, mbu, damu na mtu. Nyekundu isionekane kwingine kokote, hata kwenye nembo ya mfadhili (hapo jiandae kwa mabishano). Mpira wenye miiba umeshakuwa wa korona. Ukiuchora, watu watatafuta barakoa.

Na mishale?

Kwa asiyezoea michoro, mshale ni silaha. Alama za kwato kutoka dimbwini hadi zizini husomeka vizuri zaidi. Usiunganishe mtu na mtu: maambukizi ya namna hiyo hayajathibitishwa, na mgonjwa atatengwa bure.

Ukubwa?

Karatasi ya A2, herufi za sentimita 2.5 kwa msomaji aliye mita 3.

Nitajuaje limeeleweka?

Peleka rasimu ya rangi kwenye mnada wa mifugo, uionyeshe watu 10, mmoja mmoja. Usiulize “Umeelewa?” Kwa adabu atakujibu ndiyo. Uliza “Huyu anafanya nini?” Watatu wakisema glavu nyeupe ni mkono wenye ugonjwa wa ngozi, badili rangi kabla ya kwenda kwa mchapaji.