Shekhar Mehta: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyotokea Barabarani

Masika yakianza kumwagika Kibosho na Machame, kijiwe chetu cha kahawa hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, hurudia ubishi uleule. Vijana wanaovuka Namanga kwenda Naivasha kuangalia Safari Rally hurudi na simu zilizojaa video za Toyota zikitimua vumbi. Wazee wanazitazama, wanarudisha simu, kisha mmoja anasema mbio zilikuwa zile za Datsun. Hapo jina la Shekhar Mehta, dereva aliyeshinda Safari mara tano, litatajwa tu, na makosa yanaanzia hapo.

Mimi nimekulia dukani. Baba yangu aliuza spea za Datsun na Peugeot, nami nimeendelea na kaunta ileile. Kwa miaka mingi nimemsikia Mehta akisifiwa kwa mambo ambayo hakuyafanya na kunyimwa yale aliyoyafanya. Nayaandika haya kwa sababu mtu huyu ni wetu, wa Afrika Mashariki, na inaniuma kuona anavyopunjwa.

"Safari ni mbio za Wakenya, sisi tulikuwa watazamaji tu."

Hili linasemwa hata na watu wazima. Safari ilianza mwaka 1953, katika sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia 1960 hadi 1974 ikaitwa Safari ya Afrika Mashariki, ndipo baadaye ikabaki Safari Rally. Halafu kuna jambo ambalo vijana wa Moshi hawajawahi kuambiwa: mwaka 1966 na tena 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Tanzania, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mara mbili mfululizo kombe lilichukuliwa na gari la hapa nyumbani. Baba alikuwa akimtaja Shankland kama wengine wanavyotaja washambuliaji wa Simba na Yanga.

"Mehta alizaliwa Kenya, alizikuta njia zile tangu utotoni."

Alizaliwa Kampala mwaka 1945. Ni Mganda kwa kuzaliwa, na udereva wake ulikomaa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ilikuwa miongoni mwa waliopoteza makazi, na yeye akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, ya 1973, akashinda Safari kwa mara ya kwanza. Mtu ametoka kupoteza nyumba na mji aliozaliwa, na miezi michache baadaye anasimama juu ya boneti ya mshindi. Wala hakuokota. Mwaka 1971 alikuwa ameshamaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wakiwa na Datsun 240Z, na wa tatu alikuwa Shankland wetu.

"Ushindi wa 1973 alipewa mezani."

Kuna mzee mmoja kijiweni, namheshimu sana, ambaye hukataa kabisa kuuhesabu ushindi huu. "Walifungana," husema, "wakamchagua wanayemtaka." Ni kweli walifungana. Mehta na Harry Källström wa Sweden walifika Nairobi wakiwa na adhabu sawasawa. Lakini ili uelewe kilichofuata lazima ujue Safari ya zamani ilivyohesabiwa, maana haikuwa kama hii ya leo ya kukimbizana na saa kwenye vipande vifupi vilivyofungwa.

Njia ilikatwa vipande kutoka kituo hadi kituo, na kila kipande kilipewa dakika zake. Ukifika ndani ya muda huna deni. Ukichelewa dakika tano, unaandikiwa adhabu ya dakika tano. Mwisho wa safari mwenye deni dogo kuliko wote ndiye mshindi. Barabara zenyewe zilikuwa wazi: unakutana na lori la mizigo, na basi la abiria, na kundi la ng'ombe limelala kwenye lami saa nane za usiku. Vipande vingine vilipewa dakika ambazo hakuna aliyeweza kuzitimiza mvua ikinyesha.

Sasa, kanuni ilisema kwamba wakifungana, atazamwe nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuandikiwa adhabu. Alikuwa Mehta. Hakukuwa na kura wala upendeleo, na kanuni ilimtangulia yeye na mpinzani wake. Nimwambie mzee wangu kwa heshima zote: Källström naye alikuwa dereva wa Datsun, timu ileile. Kiwanda kilikuwa na sababu gani ya kumwonea?

"Gari ndilo lililoshinda. Mpe mtu yeyote Datsun ile, atashinda."

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndilo neno linalosemwa zaidi na ndilo linalomwonea Mehta zaidi.

Nikubali kwanza lililo kweli. Datsun zilikuwa gari za Safari hasa. Zilishinda 1970 na 1971 kwa mkono wa Herrmann, na 1973 kwa mkono wa Mehta. Aliposhinda mara nne mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, msoma ramani wake akiwa Mike Doughty, alikuwa ndani ya Datsun Violet, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la 160J. Nyuma yake palikuwa na timu ya kiwanda yenye mafundi na spea njiani. Bila timu hiyo hakuna Mehta wa mara tano, na yeyote anayempamba kana kwamba alikwenda peke yake anakosea.

Lakini Violet haikuwa gari la ajabu. Ni silinda nne, inasukuma kwa tairi za nyuma. Mwaka 1979 na 1980 Mercedes walileta 450 SLC, injini ya V8 ya lita 5, giaboksi ya otomatiki, na madereva wakubwa wa Ulaya juu yake. Mehta aliwapita miaka yote miwili. Mwaka 1979 Hannu Mikkola wa Finland alimaliza wa pili na Mercedes yake.

Kama ni gari, basi tuwatazame waliokuwa na gari lilelile. Rauno Aaltonen, Mfini, bingwa wa Ulaya wa 1965, mshindi wa mbio za Monte Carlo mwaka 1967, alikuwa na Datsun ileile, mafundi walewale, spea zilezile. Mwaka 1979 akawa wa tatu, mwaka 1980 wa pili, mwaka 1981 wa pili. Wakati huo huo Mehta wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza. Mwaka 1981 Datsun zilichukua nafasi nne za juu zote. Datsun zilikuwa bora, sawa, ila walizipanda wanne, na aliyetangulia ni yuleyule wa mwaka jana na wa mwaka juzi. Aaltonen aliirudia Safari mwaka baada ya mwaka na hakuishinda hata mara moja.

Tofauti ilikuwa wapi? Nitaisema kwa lugha ya kaunta. Juzijuzi fundi mmoja wa Njoro aliniletea mkono wa chini wa mbele uliotoka kwenye 160J ya zamani, ambayo mwenyewe anaitunza kama mtoto. Niliuweka juu ya kioo cha kaunta tukautazama. Ulikuwa umepinda kidogo tu, unene wa kidole cha mwisho. Bushi yake ilikuwa imelika upande mmoja, upande wa pili mpira bado mpya. "Alipiga karavati," fundi akasema, "mara moja tu." Gari lilikuwa linatembea, halina kelele, lakini tairi la kushoto lilikuwa linaliwa kwa ndani, na kila tuta lilikuwa linaiharibu shokapu taratibu. Huo ulikuwa mpigo mmoja, kwenye barabara ya kwenda Himo.

Safari ya enzi za Mehta ilikuwa na takribani kilomita 5,000. Ilifanyika Pasaka, yaani katikati ya masika. Palikuwa na udongo mweusi ambao mtu wa Kahe anaujua: ukikauka ni tofali, ukinyeshewa unashika tairi kama ugali kwenye mwiko. Palikuwa na vijito vilivyofurika, na mawe yaliyojificha chini ya maji ya kahawia. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, kila mwaka. Dereva anayeshinda mbio za namna hiyo ni yule ambaye mguu wake unajua lini kuachia. Anapoteza dakika mbili kwa kupita mtoni polepole, mwenzake anaokoa dakika mbili hizo na kupoteza saa nzima chini ya gari. Mehta aliifanya hesabu hiyo usiku na mchana kwa siku kadhaa, mwaka hadi mwaka, huku akiwa na kasi ya kutosha kuwaacha Wafini. Mikono ya chini ya gari lake ilikuwa chuma kilekile kama huu uliolala kwenye kaunta yangu.

"Basi ni uenyeji. Mwenyeji anazijua njia."

Ubishi wa gari ukishindwa, huu ndio unaofuata. Una ukweli wake: tangu 1953 hakuna mgeni wa kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari hadi Mikkola alipofanya hivyo mwaka 1972 na Ford Escort. Lakini baada ya hapo mlango ulifunguka. Ove Andersson wa Sweden alishinda 1975, Björn Waldegård wa Sweden 1977, Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa 1978. Wageni walikuwa wameshajifunza.

Na wenyeji wengine je? Mike Kirkland, dereva wa Kenya, alikuwa na Datsun na alikuwa mwenyeji. Mwaka 1981 alimaliza wa tatu, mwaka 1982 wa tatu tena. Gari lipo, uenyeji upo, Mehta bado yuko mbele. Mwaka huo wa 1982 aliyekuwa katikati yao, wa pili, alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel, ambaye alimaliza mwaka akiwa bingwa wa dunia.

"Joginder alikuwa zaidi yake."

Huu ubishi naupenda na siuoni kama dhana potofu moja kwa moja. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari mara tatu. Mwaka 1965 alishinda na mdogo wake Jaswant kwenye Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1974 aliyemfuata alikuwa Waldegård na Porsche 911. Katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19, na hapo ukikumbuka ile miaka ya magari saba utaelewa kwa nini watu walimwita Simba.

Kinachopotosha ni kuwafanya maadui. Walikuwa watu wa rika tofauti. Joginder alizaliwa 1932, miaka 13 kabla ya Mehta, na ushindi wake wa mwisho ulikuja miaka mitatu kabla Mehta hajaanza ile minne. Ukiniuliza gari langu nimpe nani alifikishe salama, nitampa Joginder. Ukiniuliza nani ataleta kombe, nitampa Mehta.

"Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, kwa hiyo ni mkubwa wa hapa tu."

Ubingwa wa dunia wa madereva ulianza rasmi mwaka 1979, na ulihitaji kukimbia nchi nyingi mwaka mzima. Ushindi wake wote mitano katika ngazi ya dunia ulikuwa Safari, hilo ni kweli, na mwaka 1981 alimaliza wa tano duniani. Lakini hebu tazama mabingwa wenyewe: Waldegård 1979, Röhrl 1980 na 1982, Vatanen 1981, Mikkola 1983. Watatu kati ya hao wanne, Waldegård, Mikkola na Röhrl, walikuja Safari katika miaka yake minne ya ushindi, na wakarudi kwao bila kombe.

Lililo potofu kwa upande wa mashabiki wake ni kusema hakuna aliyemfikia. Carl Tundo wa Kenya naye ameshinda Safari mara tano. Alifanya hivyo katika miaka ambayo Safari ilikuwa imeondolewa kwenye ubingwa wa dunia, lakini mara tano ni mara tano, na anastahili kutajwa. Ambacho bado ni cha Mehta peke yake ni ile minne mfululizo.

Mwaka 1987 aliumia vibaya kwenye mbio za jangwani Misri, na udereva wake wa juu ukaishia hapo. Baadaye aliongoza kamisheni ya mbio za rally katika shirikisho la magari la dunia. Alifariki London mwezi Aprili 2006, wakati Safari ikiwa nje ya ubingwa wa dunia. Ilirudi 2021, pale Naivasha.

Ule mkono wa chini bado ninao. Nilimpa fundi mkono mwingine, uliotoka kwenye gari lililochinjwa, na huu uliopinda nikamwomba aniachie. Masika haya nitaubeba hadi Mbuyuni niuweke mezani, katikati ya vikombe, kabla mzee wangu hajaanza habari za 1973.