Mmea wa kwenye AC ukilegea na udongo bado mbichi, usimwage maji tena

Wengi wanaotuletea mimea iliyougua hapa ofisi ya ugani wanakuja na neno moja tu, "namwagilia kila siku na bado yafa". Ukiuliza ilikuwa imekaa wapi, jibu ni benki, kliniki, saluni, mapokezi ya ofisi, au sebuleni chini ya AC. Sasa shida iko hapo. Sisi watu wa Mombasa tumezoea joto, tukiona jani limelegea akili yaenda kwa kiu moja kwa moja, na kwa mmea wa barazani mwezi wa pili wala hukosei, lakini huo mmea wako hauko kwenye joto la Mombasa tena, uko kwenye chumba cha nyuzi 18 mchana kutwa, jua halioni, na udongo wake umelowa tangu wiki iliyopita.

Mizizi inapumua, hili naomba lieleweke vizuri kuliko yote nitakayosema. Udongo mzuri una vitundu vidogo vidogo vya hewa, ukimwaga maji vitundu vyajaa, alafu maji yashuka na hewa yarudi. Yasiposhuka, mizizi yakosa pumzi, manake oksijeni hupita kwenye maji polepole kama mara 10,000 kuliko inavyopita hewani. Mizizi iliyokosa hewa haiwezi kuvuta maji hata kama imezama ndani yake, ndio maana unaona mmea umelegea kama wenye kiu na chungu kimejaa. Wewe waongeza kikombe, yeye azidi kuzama.

Baridi nayo inafanya haya yote kuwa mabaya zaidi. Mimea mingi tunayoweka ndani asili yake ni misitu ya joto, mizizi ikipoa inapunguza kunywa, na bila mwanga wa kutosha majani nayo hayatumii maji mengi. Kwa hivyo maji ambayo yangeisha siku chache barazani yakaa na kukaa. Alafu kuna mtego ambao naona unawashika hata watu wanaojua mimea: AC hukausha hewa (yale maji yanayotona nje kwenye ndoo ndio unyevu wenyewe uliotolewa chumbani), basi ncha za majani zakauka na kuwa kahawia, mtu akiona hivyo asema mmea umekauka, amwaga tena. Juu hewa kavu, chini matope.

Kwa hivyo kabla ya kumwaga chochote, tia kidole mpaka kiungo cha pili, au chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini usubiri kidogo ukitoe. Kikitoka na udongo umeganda, weka kikombe chini. Inua chungu pia, kilicholowa ni kizito na mkono wako utazoea tofauti haraka. Mmea wenye kiu ya kweli udongo wake huachana na ukuta wa chungu, na majani yake ni membamba na makavu. Uliozama majani yake ni laini, ya chini ndio yanaanza kuwa manjano, udongo una harufu ya mtaro, na mara nyingi vijidudu vidogo vyeusi vyaruka ukigusa chungu.

Sasa kuuokoa. Wengi wakishagundua wanautoa nje wakauweka juani ukauke, na hapo ndipo unakufa siku hiyo hiyo, kwa sababu jua linayadai majani maji ambayo mizizi iliyooza haiwezi kuyaleta. Hata joto lenyewe likija kabla ya maji kutoka ni hatari, mizizi ikipata joto yataka oksijeni zaidi na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na vimelea vya jamii ya pithiamu, vile vinavyoozesha mizizi, ambavyo mbegu zake huogelea kwenye udongo uliolowa, vinapata nafasi ya kuingia kwenye mizizi iliyodhoofika. Ofisi nyingi zajiletea hali hii kila wikiendi bila kujua, Ijumaa jioni AC yazimwa, madirisha yamefungwa, chungu kimejaa maji, na chumba chapanda joto mpaka Jumatatu. Toa maji kwanza, ndio upeleke kwenye joto.

Anza na kile chungu cha nje cha urembo kisicho na tundu. Nakumbuka ofisi moja kule Moi Avenue, kulikuwa na ZZ (ule mmea wa ndani wenye majani mazito yanayong'aa) kubwa nzuri mapokezi, majani ya chini yote manjano, tukainua chungu cha ndani na chini yake maji yamesimama kama vidole vitatu, meusi, na majani ya chai yanaelea. Kila mtu alikuwa aupenda huo mmea: msafishaji asubuhi, dada wa mapokezi mchana, na askari anamalizia chupa yake ya maji jioni. Chai yenye sukari huvutia wale vijidudu na kulisha ukungu, isimwagwe kamwe. Na ofisini achaguliwe mtu mmoja tu wa kumwagilia, wengine mikono mbali.

Ukishamwaga yaliyotuama, laza chungu upande kwa mshazari, utashangaa maji yanavyozidi kutoka hata baada ya kudhani yameisha. Kama harufu ipo au shina limeanza kulainika, usingoje, utoe mmea wote kwenye chungu. Tikisa udongo wa nje, fungia bonge la mizizi kwa magazeti ya zamani au leso kuukuu linyonye maji, badilisha likilowa. Tazama mizizi. Mizima ni migumu kidogo, myeupe au rangi ya maziwa. Iliyooza ni kahawia au nyeusi, yateleza, na ukiuvuta mzizi kwa vidole viwili ganda lachomoka lote kama soksi, wabaki uzi mwembamba mkononi. Hiyo kata yote kwa mkasi uliopanguswa na spiriti. Ila sneki planti na ndugu zake wana mizizi ya rangi ya machungwa kwa asili, usiikate kwa rangi, ibonyeze kwanza.

Ukikata mizizi mingi punguza na majani, mizizi iliyobaki haiwezi kulisha mzigo ule ule. Chungu cha pili kiwe kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki tu, manake udongo usiokuwa na mizizi hukaa na maji bure. Udongo mwekundu peke yake kwenye chungu hushikana kama tofali, changanya na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa vizuri kutoa chumvi, na mchanga mnene wa mto. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi, na maji ya visima vya chumvi vilevile hapana kwa mmea mgonjwa. Na ile tabia ya kupanga kokoto chini ya chungu ndio maji yapite, haisaidii, maji hukaa kwenye udongo juu ya kokoto hizo na yanakuwa karibu zaidi na mizizi. Linalosaidia ni tundu. Chungu cha zamani ukitaka kukitumia tena, kisugue kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, ukisuuze.

Sasa ndio wakati wa joto. Peleka barazani kivulini penye upepo, mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Hata Julai kwenye kusi nje kwetu ni nyuzi 20 na kitu, panatosha kabisa. Usitie mbolea mpaka uone jani jipya, mizizi yenye vidonda huungua. Maji kidogo tu sehemu ya juu ikikauka, na yasiwe ya friji, na kama unatumia yale ya ndoo ya AC yaache yafikie joto la nje kwanza.

ZZ ina subira nyingi, ni mmea wa kwetu Afrika Mashariki na una viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, kwa hivyo ofisini ukipitisha hata wiki tatu bila kuumwagilia haudhuriki. Saintpaulia, kile kimmea kidogo cha maua ambacho Wazungu huita African violet, pia ni wa kwetu, ile ya Usambara inajulikana dunia nzima na kuna aina inayoota kwenye miamba ya upande wa Kaloleni, Kilifi, mwambani ambapo maji hayatuami. Hiyo usiimwagie maji baridi majanini, hutoka madoa.

Mmea wowote ukirudi ndani usiwe mbele ya mdomo wa AC, hewa inayotoka pale ni baridi kuliko ile namba ya kwenye rimoti. Na maniplanti ikiwa shina la chini limeshaoza lote, kata juu palipo pakavu, hakikisha kuna kifundo kimoja au viwili, tia kwenye glasi ya maji safi dirishani na ubadilishe maji kila siku chache, kifundo kitatoa mizizi.