Daftari za kiwanda zikipotea, babu bado anatafutika

Wengi wanaotafuta ukoo wao Uingereza wanaamini kama babu alifanya kazi viwanda vya kemikali vya zamani, mfano vile vya mji wa Widnes vilivyotengeneza magadi ya sabuni na vioo, na daftari za wafanyakazi hazipo tena, basi ndo mwisho. Kumbe sio. Sensa za kila miaka 10 kuanzia 1841 ziliandika kazi ya mtu, ya 1851 ikaongeza mahali hasa alikozaliwa, na humo unakuta wengine walitoka Ireland. Vyeti vya ndoa navyo tangu 1837 vinataja kazi ya bwana harusi na ya baba yake. Ila linganisha umri, mtaa na majina ya watoto kwanza, maana majina yanafanana mno jamani.