Salamu Isiyotaka Jibu

Siku yangu ya pili Tokyo niliingia dukani kununua maji. Muuzaji akapaza sauti: "Irasshaimase!" Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikamjibu kwa Kijapani changu cha kukariri. Akabaki kunitazama. Akaingia mteja mwingine, naye akaitiwa vilevile, akapita kama hakusikia. Nikamwona hana adabu. Kumbe mshamba ni mimi: ile ni karibu ya dukani, haijibiwi.

Nafundisha anthropolojia, na kila mwaka nawaandaa wanafunzi wanaokwenda kusoma ng'ambo. Mshtuko wa utamaduni niliufundisha miaka mingi kabla haujanipata, na siku uliponipata daftari langu halikunifaa kitu.

Aliyelieneza jina hilo ni Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada, kwa mhadhara alioutoa Rio de Janeiro mwaka 1954. Alisema ni wasiwasi wa kupoteza ishara ndogondogo za kuishi na watu: useme nini mkikutana, lini utoe bakshishi, neno gani la mtu ulishike na lipi uliache lipite. Wanafunzi wangu huniuliza habari za samaki mbichi. Samaki mbichi utamzoea au utamwacha, basi. Kinachomchosha mgeni ni kufikiria mambo ambayo nyumbani mwili wake uliyafanya wenyewe.

Kwa Mswahili, pigo la kwanza huwa salamu. Kwetu huulizi bei ya nyanya kabla ya habari za asubuhi. Tokyo nilipanda treni asubuhi, tumebanana kuliko daladala ya Mbagala, na hakuna aliyekohoa. Simu zote zimezimwa sauti, na kuongea nayo humo ndani ni aibu. Wiki ya kwanza nilidhani wamenichukia. Ilinichukua muda kuona kwamba kunyamaza kule ndiyo heshima yenyewe, jinsi ya kumwachia mwenzio nafasi mahali pasipo na nafasi.

Pigo la pili liliniuma zaidi. Nilimweleza mwenyeji wangu ombi la kubadilishiwa ratiba, naye kila nilipopumua anaitikia, "Hai, hai." Nikatoka nikishangilia. Ratiba haikubadilika. "Hai" ni ndiyo, lakini katikati ya mazungumzo mara nyingi huwa na maana ya "nakusikia, endelea". Wajapani huita maitikio hayo aizuchi. Na mimi, wa kulelewa na hadithi za bibi, ningepaswa kulijua hilo mapema! Msimulizi hanogewi pasipo wa kumwitikia "naam", na anayeitikia hajakubali kwamba sungura alisema.

Vitabuni safari hii huanza na fungate, kisha huja dhiki, kisha nafuu. Mwaka 1955 mwanasosiolojia Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwe zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akaeleza kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko waliokaa muda mfupi au mrefu zaidi. Mchoro wake wa bonde unapendwa sana na walimu, nami nimeuchora ubaoni mara nyingi. Siku hizi nauchora kwa shingo upande. Utafiti wa baadaye juu ya wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand ulikuta shida ni kubwa mwanzoni kabisa, na mimi pia fungate sikuiona.

Nilichozoea mwisho ni kisahani cha pesa. Mwanzoni nilimpa muuzaji noti mkononi, kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa; naye kwa upole ananionyesha kisahani kilicho juu ya kaunta. Mwishowe mkono wangu ukawa unakwenda huko wenyewe.

Niliporudi Dar nikaenda kwa Mangi kununua sukari. Nikaweka noti ya elfu kumi juu ya kaunta, kimya, nikasubiri. Mangi akaitazama noti, akanitazama mimi.

"Dada, tumegombana?"