Kwa nini plastiki haitoki tumboni mwa petreli

Kipande cha kwanza kilikuwa cha buluu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, pembe zake zimelainika kama kokoto ya mtoni. Nilikitoa kwa kibano kwenye firigisi ya kinda la petreli wa Barau, ndege wa bahari kuu, nikakisuuza, nikakiweka kwenye kisahani cha kioo. Vikafuata viwili vyeupe, kimoja cha kijani, na uzi wa nailoni uliojisokota ukaizinga midomo miwili ya ngisi.

Kinda yule hakuwahi kufika baharini.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi, nilikokwenda kujifunza kazi hii ya kupasua ndege wa baharini waliokufa. Petreli wa Barau huzaliana kisiwa hicho tu duniani kote, ndani ya mashimo yaliyoko juu milimani, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ikifika Aprili makinda hutoka usiku na kuruka kwa mara ya kwanza kuteremkia baharini, na huko njiani taa za miji ya pwani huwapoteza. Huanguka barabarani, kwenye viwanja vya mpira, kwenye nyua za watu. Wakazi huwaokota, na walio wengi huachiwa wakaendelea na safari yao. Wanaokufa ndio wanaoletwa kwenye meza zetu. Huyu wangu alikufa akiwa na plastiki tumboni, na bahari alikuwa ameiona kwa mbali tu. Wazazi wake ndio waliomlisha.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia habari hii mzee mmoja wa Kizimkazi, Unguja, mvuvi wa jodari, mtu aliyefuata ndege baharini tangu utotoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani ndege huyo haoni, mwanangu?"

Anaona, tena vizuri. Ila petreli hatafuti chakula kwa macho peke yake. Mtazame mdomoni: juu yake ana mirija miwili, ndiyo pua zake, na ndani ya kichwa sehemu ya ubongo inayoshughulikia harufu ni kubwa kuliko ya ndege wengi. Chakula chake kimetawanyika kwenye maji yasiyo na alama yoyote. Mwani mdogo usioonekana kwa macho unapoliwa na vijidudu vya baharini, hutoa gesi ya salfa iitwayo daimethili salfaidi. Wengi wetu huijua bila kujua jina lake, maana imo katika ile harufu ya pwani maji yakitoka. Kwa petreli, harufu hiyo ni sawa na moshi wa jikoni kwa mtu mwenye njaa: pana vijidudu hapo, basi pana samaki na ngisi. Mwaka 1995 Gabrielle Nevitt na wenzake walionyesha kwamba aina kadhaa za petreli hufuata gesi hiyo baharini. Mwaka 2016 Matthew Savoca, Nevitt na wenzao wakaonyesha jambo lililonikosesha raha nilipolisoma: plastiki ikikaa baharini hata mwezi haujatimia, huota utando wa mwani na kuanza kunuka vilevile. Jamii za ndege zinazoifuata harufu hiyo ndizo zinazomeza plastiki mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo mzee wangu nilimjibu hivi: ndege huyu anafuata ishara ambayo haikuwahi kuwadanganya wazee wake.

Hapo akacheka kidogo, akasema, "Basi kuku naye humeza changarawe, wala hafi."

Ni hoja nzuri, na ndipo penye kiini cha utafiti wangu. Aliyewahi kumtengeneza kuku anaijua firigisi: ngumu, nene, ndani mna vijiwe vinavyosaga mahindi. Petreli naye ana firigisi, ila ndogo. Kabla ya kuifikia kuna tumbo la tezi, mfuko mkubwa, laini, unaotanuka. Humo petreli huyeyusha ngisi na samaki wa siku nyingi mpaka wakabaki mafuta mazito, akasafiri nayo mamia ya kilomita kumpelekea kinda wake. Njia ya kutoka mfuko huo kwenda kwenye firigisi ni nyembamba, na ya kutoka kwenye firigisi kwenda kwenye utumbo ni nyembamba zaidi. Kitu kigumu hukaa humo mpaka kisagike. Midomo ya ngisi hukaa wiki nyingi. Plastiki nayo hukaa, na haisagiki upesi.

Shakwe hana shida hiyo. Akila mfupa au gamba, baadaye hutapika donge na yamekwisha. Petreli, kwa sehemu kubwa, hutapika kwa mambo mawili: kumlisha kinda au kumtemea adui mafuta. Ndiyo maana ukipasua shakwe wa jalalani unaweza kukuta tumbo safi, na ukipasua petreli wa bahari kuu, mbali na kila mji, ukakuta takataka. Mfuko ule ule unaobeba mafuta ya mtoto ndio unaobeba plastiki. Kinachomlisha mtoto ndicho kinachompa uchafu, kwa tone lile lile.

Kazi yenyewe mezani haina fahari. Unapima uzito wa ndege, unamfungua, unaangalia mafuta ya chini ya ngozi na misuli ya kifua kujua kama alikufa na njaa. Kilichomo tumboni unakimwaga kwenye chekecheke lenye matundu ya milimita moja, unasuuza, unakausha, unapanga: vipande vigumu, nyuzi, karatasi za plastiki, sponji, na zile punje za duara ambazo viwanda hununua kwa magunia ili kuzigeuza ndoo na chupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu ndege wa magharibi mwa Bahari ya Hindi ulikuta plastiki kwa asilimia 59 ya petreli wa Barau waliopasuliwa, na asilimia 79 ya binamu yao mdogo, Puffinus bailloni.

Watu huniuliza: wanakufa? Baadhi, ndiyo, njia ikiziba au tumbo likitoboka. Lakini mimi naogopa zaidi madhara yasiyoua siku hiyo hiyo. Mwaka 2023 watafiti wanaofanya kazi kisiwani Lord Howe, Australia, walieleza ugonjwa wa makovu ndani ya tumbo la tezi la makinda wa jamii hii, wakauita plastikosisi. Tezi zinazotoa asidi na kumlinda ndege dhidi ya wadudu huharibika, na mahali pake hubaki nyama ngumu ya kovu. Makinda hao humeza pia mawe mepesi ya volkano, na mawe hayo hayakuacha makovu kama yale. Nikiisoma sehemu hiyo namkumbuka mzee na changarawe zake.

Ulaya tumbo la petreli limekuwa kipimo rasmi. Mholanzi Jan van Franeker alianza miaka ya 1980 kukusanya fulma, petreli wa kaskazini, waliokufa na kutupwa ufukweni. Baadaye nchi zinazopakana na Bahari ya Kaskazini zikakubaliana: wasizidi asilimia 10 fulma wenye zaidi ya gramu 0.1 ya plastiki tumboni. Lengo hilo bado liko mbali. Hata hivyo matumbo hayo hayo yanaonyesha kuwa punje za viwandani zimepungua sana tangu miaka ile. Taarifa ya namna hiyo huipati kwa kuhesabu chupa ufukweni.

Natamani kipimo hicho kiwe na sisi. Mkondo wa Ikweta ya Kusini husukuma maji kutoka upande wa Indonesia mpaka pwani yetu, ukabeba chochote kinachoelea. Mwaka 2019, kwenye kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli, kisicho na mji wala hoteli, wasafishaji walikusanya tani 25 za taka kwa wiki tano, nyingi zikiwa zana za uvuvi, pamoja na maelfu ya kandambili. Maji yanayopita huko ndiyo yanayokuja kwetu. Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo kusini mwa Unguja, kina makundi makubwa ya ndege wa baharini, lakini hao ni buabua na jamii ya Sula, si petreli. Petreli hupita mbali, na upepo wa kusi humtupa mmoja mmoja ufukweni.

Kwa hiyo nilimwomba mzee na vijana wake kitu kimoja. Wakikuta ndege aliyekufa, wasimfukie. Wamfunge kwenye gazeti, waandike tarehe na mahali, wamweke kwenye barafu ya samaki, wanipigie.

Juzi simu ililia alfajiri.

"Mwanangu, nimempata mmoja. Mweusi mweusi, ana mirija juu ya mdomo."

"Umemweka wapi, mzee?"

"Kwenye barafu, pamoja na jodari."

Nilipanda boti ya asubuhi.