Replikanti wa sita wa Blade Runner hakuwahi kujificha

Mwanzoni mwa filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, mkuu wa polisi Bryant anamwambia Rick Deckard, mwindaji wa replikanti, yaani viumbe waliotengenezwa wakafanana na binadamu, kwamba sita kati yao wametoroka na kurudi Duniani, na mmoja wao ameungua kwa umeme alipojaribu kuvamia makao ya Tyrell, kampuni inayowatengeneza. Piga hesabu: wanabaki watano. Lakini tunaoonyeshwa ni wanne tu, Roy, Pris, Leon na Zhora. Huyo mwingine yuko wapi?

Jibu la mashabiki wengi ni kwamba ni Deckard mwenyewe. Eti alikamatwa, akafutwa kumbukumbu, kisha akatumwa kuwawinda wenzake. Nadharia hii ni tamu, nami niliiamini kwa muda mrefu.

Ukweli ni kwamba hesabu ilikosewa. Mswada ulikuwa na replikanti mwingine wa kike, Mary, na hata mwigizaji wake alikuwa ameshapatikana. Nafasi hiyo ikaondolewa ili kupunguza gharama, lakini maneno ya Bryant yakaachwa vilevile. Katika toleo la mwaka 2007 kosa likasahihishwa: sasa Bryant anasema walioungua ni wawili. Na hata usipolijua toleo hilo, filamu ya kwanza inajisahihisha yenyewe. Zhora anapouawa, Bryant anasema wamebaki wanne. Deckard anambishia kwamba ni watatu, ndipo Bryant anapomweleza kuwa wa nne ni Rachael, replikanti ambaye hakuwa miongoni mwa watoro bali ametoweka kwa Tyrell. Kwa hiyo watoro walioanza kusakwa walikuwa wanne, wala hakuna aliyejificha katikati yao.

Hapo watu huruka upande wa pili na kusema: basi Deckard ni binadamu, kesi imekwisha. Haijaisha. Ushahidi mmoja umeanguka, lakini ulio mzito zaidi bado umesimama, nao ni farasi wa pembe moja ambaye Deckard anamwona ndotoni.

Kuhusu farasi huyo kuna uvumi usiokwisha kwamba picha zake ni mabaki ya Legend, filamu ambayo Ridley Scott, mwongozaji wa Blade Runner, aliitoa mwaka 1985. Si kweli. Zilipigwa kwa ajili ya Blade Runner, kabla Legend haijaanza kurekodiwa. Hazikuingizwa katika toleo la 1982. Ndoto ile ilionekana katika toleo la 1992. Lakini yule farasi mdogo wa karatasi, ambaye polisi Gaff anamwacha mlangoni kwa Deckard, yumo tangu mwanzo. Aliyetazama toleo la 1982 anaelewa tu kwamba Gaff alifika na akamwacha Rachael hai. Aliyetazama la 1992 anaona jambo zito zaidi: Gaff anaijua ndoto ya Deckard, kama vile Deckard alivyozijua kumbukumbu za utotoni za Rachael, ambazo zilikuwa za kupandikizwa. Mabishano mengi ninayoyasikia ni ya watu wawili waliotazama filamu mbili tofauti. Kabla ya kubishana, ulizaneni kwanza mmeona toleo lipi.

Wengine hufunga mjadala kwa kauli ya Scott, aliyesema waziwazi kwamba Deckard ni replikanti. Kauli ya mwongozaji ina uzito, sikatai. Lakini Hampton Fancher, mmoja wa waandishi wa mswada, alipenda swali libaki wazi, na wakati wa kurekodi Harrison Ford, aliyeigiza Deckard, alishikilia kwamba watazamaji wanahitaji binadamu wa kumshabikia. Katika riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, ambayo filamu ilitokana nayo, Deckard anapimwa na kuonekana binadamu. Kwangu mimi kilichomo kwenye skrini ndicho kinachohesabika, na skrini haijatamka.

Hoja kwamba Deckard amezeeka katika Blade Runner 2049, filamu ya pili, hivyo hawezi kuwa replikanti, ni dhaifu. Ukomo wa kuishi miaka minne uliwekewa Nexus-6, aina ya replikanti kama Roy na wenzake. Filamu hiyo ya 2017 yenyewe inataja mwanzoni kabisa kwamba Nexus-8, aina ya baadaye, hawakuwekewa ukomo.

Limebaki fumbo ninalolipenda kuliko yote. Wengi husema Rutger Hauer, aliyeigiza Roy, alibuni papo hapo hotuba nzima ya Roy kabla ya kufa. Mswada wa David Peoples, mwandishi mwenza wa Fancher, ulikuwa na hotuba hiyo, tena ndefu zaidi. Hauer aliipunguza, kisha akaongeza yale maneno ya machozi yanayopotea katika mvua. Lango la Tannhäuser, ambalo Roy anasema aliona miali iking'aa gizani karibu nalo, lipo wapi? Mashabiki wamelikisia kwa kila namna. Filamu haituonyeshi, wala hailitaji tena. Aliyeliona ni Roy, na Roy anainamisha kichwa, njiwa anaruka.