Ugonjwa uliotangulia: mbwa wa kuokota anapokatiwa asiransi (bima)

Tuliporudi kutoka Sake Juni 2021, volkeno ya Nyiragongo ikiwa imetulia, tulikuta mbwa tusiyemjua amelala mlangoni petu Himbi, mtaa wa Goma. Sikio limechanika, mguu wa nyuma wa kushoto anaukanyagia kwa hofu. Tulingoja mwenyewe aje, hakuja. Akawa wetu, watoto wakamwita Makoro.

Asiransi yake sikuwahi kuifikiria. Hapa Goma asiransi ni ya gari, na hata hiyo wengi huikumbuka wakimwona polisi wa barabarani. Ila mdogo wangu wa kike yuko Liège, Ubelgiji, na huko alichukua mbwa kwenye makao ya mbwa waliotupwa. Akanitumia picha ya kontra (mkataba) ya asiransi ya mbwa huyo kwa WhatsApp: “Yaya, hii maladie antérieure ni nini? Wanasema hiyo hawalipi. Na mimi najua nini ya huyu imbwa?”

Kwa Kiswahili tuseme ugonjwa uliotangulia: ugonjwa au jeraha ambalo dalili zake zilionekana kabla asiransi haijaanza kazi. Neno la kushika hapo ni dalili. Watu hudhani ni ugonjwa ambao daktari alishaupa jina, sivyo. Mbwa akichechemea Jumatatu, wewe ukatia sahihi Jumatano, halafu mwezi ujao daktari akasema kano ya goti imekatika, kinachohesabiwa ni kule kuchechemea kwa Jumatatu. Ukigonga mtu asubuhi pale rond-point Signers, nani atakuuzia saa sita mchana asiransi ya ajali hiyo?

Tena kuna muda wa kungoja. Unalipa, lakini bado hujalindwa. Kwa magonjwa, Uingereza mara nyingi ni siku 14. Ufaransa kontra nyingi huweka siku 30 hadi 45. Dalili ikijitokeza ndani ya siku hizo, nayo huhesabiwa kuwa imetangulia.

Sasa mbwa ambaye hakuna ajuaye alikotoka. Wenye mbwa kama huyo huogopa kwamba kampuni itasema kila kitu kilikuwepo zamani. Mimi naona hatari kubwa iko kwingine, kwenye ziara ya kwanza kwa daktari wa wanyama, maana historia yake ya maandishi inaanzia hapo. Siku ya kudai pesa, kampuni huomba faili lote la daktari. Ukiwa umesema kwa huruma tu, “maskini, nadhani aligongwa na gari, pengine goti lina shida,” na daktari akaandika, dhana yako imeshakuwa historia ya mbwa. Sema ulichokiona, usimtungie maisha. Kuficha ndiyo mbaya zaidi, kunaweza kuvunja kontra nzima. Lakini “sijui”, ikiwa kweli hujui, ni jibu kamili.

Umri nao ni wa kukadiria. Meno ya utotoni huwa yameisha kubadilika mbwa akifika miezi 6 au 7. Baada ya hapo daktari anasoma ukoga na kuchakaa kwa meno tu. Aandike wazi kwamba ni kadirio, kwa sababu bei inafuata umri, na kampuni nyingine hazipokei mbwa mzee.

Penye utata wa kweli ni magonjwa yanayojificha. Kupe anaweza kumwambukiza mbwa ehrlichia, vijidudu vikakaa mwilini miezi, hata miaka, bila mbwa kuonyesha kitu. Je, ulitangulia? Inategemea sentensi moja ya kontra. Ikisema “dalili zilizoonekana”, una nafasi nzuri. Ikisema “sababu iliyokuwepo”, kampuni ina mlango wa kutokea. Sentensi hiyo nilimwambia mdogo wangu aitafute kabla ya kutazama bei. Akauliza kama basi aache kupima damu, wasije wakakuta kitu. Nikamwambia apime. Asiransi isipolipa, mbwa atakuwa ametibiwa mapema, na dawa ya mapema ni rahisi kuliko ya mbwa aliyekwisha kuishiwa damu.

Kuna kontra zinazosamehe ugonjwa uliopona kabisa, kama wa sikio au wa tumbo, mbwa akikaa muda uliotajwa bila dalili wala dawa. Kisukari hakisamehewi.

Na kuna kipengele cha viungo vya pande mbili, ambacho wengi hukipita mbio. Kano ya goti moja ikiwa ilikatika kabla ya kontra, kampuni nyingi huondoa na goti la pili, kwa kuwa mbwa aliyekatika moja mara nyingi hukatika na la pili. Mdogo wangu alipofika hapo aliniuliza habari za Makoro na mguu wake. Kwa hesabu yao, nilimjibu, Makoro asingelipiwa goti hata moja.